Pisa: ya Kulala au ya Kupita?

Jumatatu, 12 Juni

Watalii leo: wengi kama nzige. Wameshuka treni, wamekwenda kwenye mnara ulioinama, wamenyoosha mikono kusukuma hewa ili wapigwe picha, wamerudi kituoni. Mji uliowahi kutawala bahari wanaupa muda wa kunyoa ndevu! Kisha wanakwenda kulala Lucca, mji jirani. Lucca! Watu wanaozunguka juu ya ukuta wao kwa baiskeli kama mbuzi waliokosa mlango.

Vyumba vyetu vitatu, vitupu. Dada yangu Nella, mwenye nusu ya nyumba na maneno yote, ametoa hukumu. Jumatano anakuja mwandishi kutoka Milano, Signora Tamburlani. Kitabu chake cha wasafiri ndicho kitakachoamua kama Pisa ni ya kulala au ya kupita. Akiandika ya kupita, Nella anafunga nyumba ya wageni na kuwapangisha wanafunzi wa chuo. Wanafunzi! Wanaokaanga vitunguu alfajiri. Nitakufa.

Lakini mimi Oreste nina akili.

Jumatano, 14 Juni

Signora: mwembamba, viatu vya bei. Ameomba chumvi ya kunyunyiza kwenye mkate. Mkate wetu hauna chumvi tangu enzi za mababu na haujamuua mtu. Nimemweleza kwa upole. Nella anadai nilifoka.

Baada ya chakula nikatoa silaha yangu. Nikamwambia, kwa uso wa msibani, kwamba treni zinagoma leo jioni, pole sana, itabidi alale. Nilisahau jambo moja: Mwitaliano akisikia mgomo hatafuti kitanda, anatafuta treni ya kabla ya mgomo. Kahawa aliiacha inafuka. Alikimbia! Na viatu vile!

Kalala Lucca. Amempigia Nella simu: atarudi Ijumaa mchana, na saa kumi na moja jioni anaondoka. Nella ameniita bwege. Mimi!

Ijumaa, 16 Juni

Mkesha wa San Ranieri, mtakatifu wa mji wetu. Giza likiingia, madirisha yote ya kingo za mto Arno huwashwa mishumaa, wala si balbu hata moja. Lakini wakati huo Signora atakuwa kwenye treni! Ndipo likanijia wazo. Sikumwambia mtu, maana penye wengi pana mengi. Nikaiwasha yetu yote saa saba mchana.

Kumbe jua la Juni halina adabu. Mwali hauonekani, moshi tu. Jirani yetu Gambogi, naye ana nyumba ya wageni, na tumbo linalotangulia mwenyewe, akaniita kutoka dirishani: “We Oreste! Jua unalitafuta kwa mshumaa?” Mtaa mzima ukacheka. Signora akafika, akauliza kama tunafukuza mbu. Gambogi akamwambia, mama, huyo muache alivyo, wewe kaa mpaka giza uone kazi ya watu wazima.

Akakaa! Treni ikaondoka bila yeye. Nikambusu Nella. Akajipangusa shavu.

Giza likaingia. Mto ukawaka nyumba kwa nyumba, juu na ndani ya maji. Yetu peke yake nyeusi tititi, mishumaa imekwisha. Signora alisimama na kipande cha cecina ya moto, ile chapati yetu ya dengu, mkononi, akalia waziwazi. Kisha akaomba chumba. Vyetu vilikuwa moshi mtupu, hata Nella alikuwa akikohoa ngazini. Signora kalala kwa Gambogi.

Jumamosi, 17 Juni

Signora ametamka, mkahawani, mbele za watu: Pisa ni ya kulala, na anayepita tu ni mjinga. Nimeshinda! Ataandika hivyo hivyo. Ataandika pia kwamba mgeni alale kwa Gambogi, kando ya lile gofu lisilokaliwa na watu.

Gofu ni sisi.

Kabla ya misa ya sikukuu Nella alikuwa ameshapangisha vyumba vyote vitatu kwa vijana wa chuo, wote wa kutoka Calabria, wanahamia Septemba. Nikajifungia chumbani kulia. Nimelia kidogo. Halafu nikafikiri. Calabria ni mbali. Na kila kijana wa Calabria ana mama. Mama huyo akipigiwa simu kwamba mwanawe ana homa, hata ndogo, hata ya kubuni, kesho yake yupo mlangoni na sufuria ya mchuzi, na haondoki kabla ya wiki. Lazima alale mahali! Nitampa chumba changu kwa bei ya sikukuu, mimi nitajikunja jikoni. Nella asijue. Septemba naanza na mama wa kijana aliye mwembamba kuliko wenzake.