Bibi Yangu wa Luberizi

Leo nimejiaibisha kazini, tena koti jeupe likiwa bado na mikunjo ya sanduku.

Mnajua nimerudi juzi tu. Nimesomea udaktari Dar es Salaam miaka mingi, nikavuka mpaka kurudi nyumbani Uvira na shahada, stetoskopu na Kiswahili kilichonyooka. (Mama yangu huko Songo anasema naongea kama redio.) Asubuhi hii ndiyo mara ya kwanza kuachiwa wagonjwa peke yangu, kwenye kituo kimoja cha afya hapa Kilibula. Nilijiona mtu.

Akaingia mama mzee kutoka Luberizi, ameshikwa mkono na mumewe. Kichwa kinamuuma tangu jana, macho yanaona giza. Nikampima presha, au tansio kama tunavyoiita hapa. Iko juu kwa kutisha. Nikapima tena nikidhani mashine inanitania. Ile ile. Mama huyu akirudi Luberizi kwa pikipiki na presha ile, anaweza kupooza njiani. Lazima alazwe, basi.

Sasa, Dar nilizoea kumtuliza mgonjwa mzee kwa maneno ya heshima kwanza. Nikavuta kiti karibu, nikamshika mkono (ndiyo, na mkono nilishika), nikasema kwa sauti laini:

"Bibi yangu, usiogope. Leo utalala hapa kwangu. Usiku nitakuja mwenyewe kukuangalia."

Muuguzi wetu, mama Furaha, aliyekuwa anapanga sindano, akageukia ukuta, mabega yakimtikisika. Mlango ulikuwa wazi na baraza limejaa watu. Mtu huko akakohoa.

Mzee, mumewe, akaniangalia kwa utulivu kabisa.

"Munganga, huyu iko bibi yangu minye. Weye ulimuoa siku gani?"

Hapo ndipo akili iliporudi kutoka Dar. Kule bibi ni mama wa mama yako au wa baba yako. Kwetu hapa bibi ni mke! Nimezaliwa hapa, nimelelewa hapa, na nimemwita mke wa mtu mke wangu mbele ya mumewe, kisha nikamwahidi usiku.

Nikajitetea. Nikaeleza kwamba kule kila mama mzee anaitwa bibi, ni heshima tu. (Bora ningenyamaza.) Mzee akauliza kama waume wa kule wanakubali. Halafu akaligeukia baraza, akaanza kuwatajia watu ng'ombe wa mahari aliowatoa kwa ajili ya huyu mama, mmoja mmoja kwa rangi yake, na kuuliza wangu wako wapi. Akachukua fimbo, akachukua kapu. Wanaondoka.

Nilishikwa na hofu ya kweli. Aibu nitaizoea, lakini mama huyu akifa njiani kwa sababu ya neno langu moja, nitamwambia nani? Nikamfuata mzee mlangoni, nikaisahau Dar yote, nikamwita koko, kama tunavyowaita wazee wetu hapa.

"Koko, minakulomba. Tansio yake iko mingi. Akienda, atakufa mu njia."

Mzee akasita. Aliyeamua ni mama mwenyewe. Alipanda kitandani polepole, akajilaza, akafunika miguu kwa kitenge chake.

"Minye minabaki," akamwambia mumewe. "Tangu ulinioa, weye haukuniambiaka ata siku moja: 'Usiogope.'"

Baraza zima likaangua kicheko. Mama Furaha alitoka nje kabisa, sindano kaziacha.

Mzee akarudi, akachukua kiti changu, akakiweka kati yangu na kitanda, akakaa. Hajatoka mpaka sasa. Kila nikija kupima, ananiangalia mikono. Jioni hii presha ya mama imeshuka vizuri, namshukuru Mungu. Nikaona nimpime na mzee pia, kwa adabu tu.

Yake imepanda. Naombeni msicheke: asubuhi nilikuwa na mgonjwa mmoja, wa pili nimemtengeneza mwenyewe.