Mzimu wa Chumba cha Nyuma

Jumatatu, 4 Machi

Nimekufa tena kabla ya chai ya jioni. Gemu yenyewe ni rahisi: kikosi cha watu wanne kinaingia nyumba iliyoachwa, kina tochi na kipimajoto, kinachunguza ni mzimu wa aina gani, kinatoka hai. Mimi sijawahi kutoka hai. Leo nilijificha kabatini kama inavyoshauriwa, nikanong'ona kwamba simwogopi. Mzimu wa gemu hii anasikia maikrofoni. Akafungua kabati. Kapteni, kiongozi wetu, ambaye namjua kwa sauti tu, akasema hajapata kuona mtu anayejipeleka mwenyewe namna hiyo.

Wakati wa chakula shemeji, mume wa dada, katangaza kwamba mama yake anakuja Ijumaa kuishi nasi. Atapewa chumba cha nyuma. Chumba cha nyuma ni changu. Nikauliza mimi nitalala wapi. Akaelekeza kidole kwenye kochi la sebuleni bila kuacha kutafuna. Kochi lina shimo katikati. Dada akaniambia nisinune, mimi ni mgeni tu. Mgeni wa mwaka wa tatu, akaongeza shemeji.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata njia. Hakuna bibi atakayekubali chumba chenye mzimu, na mtaalamu wa mizimu nyumba hii ni mimi. Kwenye gemu mzimu hujulikana kwa baridi, sauti, au kugonga. Nikamuuliza Kapteni, kama swali la jumla tu, dalili ipi huwatimua watu. Akasema kugonga kunakojibu maswali. Kisha akauliza kama huyo bibi bado anakuja Ijumaa.

Jana nilipoenda kula sikuzima maikrofoni. Wala sikufunga mlango.

Jumatano, 6 Machi

Baridi. Nikachukua barafu yote ya kwenye friji, nikaijaza katika mabeseni, nikayasukuma chini ya kitanda. Nikamwita dada aje aone jambo la ajabu. Akaingia, akasimama, akajikunyata. Nikaanza kujipongeza. Akasema kumbe chumba hiki kina hewa nzuri, na mama mkwe joto humtesa sana. Alipogeuka akakanyaga beseni lililojitokeza. Sasa anataka kujua nani kamaliza barafu.

Alhamisi, 7 Machi

Sauti. Nilirekodi kilio cha mzimu wa gemu kwenye simu, nikaficha spika ndogo nyuma ya kabati. Shemeji alipoingia kutundika pazia, nikabonyeza nikiwa ukumbini. Nilibonyeza pasipo penyewe, nikaunganishwa na Kapteni, aliyesikia pumzi zangu kwenye simu. Kabati likamwambia shemeji, kwa sauti ya Kapteni, apumue polepole, anahema kama mbuzi anayepanda mlima.

Shemeji akashuka kwenye kiti alichokuwa amesimamia. Akaniambia vitu vyangu viwe nje ya chumba hicho kabla ya chakula cha mchana kesho.

Ijumaa, 8 Machi

Kafika. Bi Mkubwa, ndivyo tunavyomwita. Ana mabegi mawili na birika lake mwenyewe, haamini birika la mtu.

Imebaki kugonga. Kwa bahati kochi limeegemea ukuta wa chumba cha nyuma, nao ni wa mbao nyembamba. Nikalala kwa uso wa mtu asiye na hatia, nikagonga. Nikagonga tena. Akauliza nani. Nikagonga. Akasema mara moja iwe ndiyo, mara mbili hapana: je, wewe ni mtu? Nikagonga mara mbili, nikasubiri mayowe.

Nikasikia kiti kikivutwa kuja ukutani. Akanikaribisha. Akasema tangu mzee wake afariki hajapata wa kuongea naye jioni. Watoto wake wakimpigia ni kuuliza kama kanywa dawa. Kisha akanieleza habari za goti lake la kushoto, na za jirani aliyeazima ngazi asiirudishe.

Jumamosi, 9 Machi

Asubuhi shemeji akamuuliza mama yake kama chumba kinamfaa. Akajibu kwamba hatoki humo hata kwa winchi. Kina mwenzake. Shemeji akanitazama. Mimi nikatazama chai.

Jioni nikaamua kunyamaza. Mzimu apotee, mambo yaishe. Bi Mkubwa akagonga yeye, polepole. Akasema kama habari za ngazi zilinichosha, atabadilisha mazungumzo. Akangoja. Kisha akasema basi, si neno, na kiti kikaanza kurudishwa mahali pake.

Nikagonga. Nilitaka tu kujaribu ukuta. Kiti kikarudi. Tukaingia goti la kulia.

Jumapili, 10 Machi

Bi Mkubwa kaniomba msaada. Anasema sebuleni kuna kijana, mdogo wa mkwe wake, mzima wa afya, anashinda kwenye kochi kaelekea ukutani kama mtu aliyefiwa. Anaomba nimtishe kidogo ahame, labda hata apate kazi. Je, naweza?

Mzimu anayekataa kutisha hujifichua. Nikagonga mara moja. Akashukuru. Akasema alijua tangu mwanzo kwamba mimi si mvivu kama yule.

Jumatatu, 11 Machi

Nikageuza ombi lake kuwa faida. Mchana nikawaambia wote, nikitetemeka vizuri, kwamba kitu kilinipumulia sikioni pale kwenye kochi na siwezi kulala hapo tena. Aliyetishwa hupewa chumba. Shemeji akanisikiliza mpaka mwisho, kwa mara ya kwanza tangu amuoe dada. Akatoka, akarudi na begi langu, tupu. Bi Mkubwa akautazama ukuta na kuinamisha kichwa, kama anayesema ahsante.

Dada kaniombea nisifukuzwe. Naandika haya nikiwa stoo ya uani, kati ya ndoo za rangi na godoro lililokunjwa. Soketi ipo, na gemu imewashwa. Ukuta wa pamoja na Bi Mkubwa haupo, na jioni hii angegonga bure. Lakini bomba la maji linatoka hapa na kupita chumbani kwake. Nimeligonga kwa kijiko. Akajibu papo hapo, akitaka kujua nilikuwa wapi.

Bomba hilohilo linapita chumba cha shemeji. Kesho naanza naye. Nimejisomea mpango wote kwa sauti, mara mbili, usiwe na kasoro. Kapteni anasema anayo moja: maikrofoni tena sijaizima.