Wali Kifuani Mbele ya Akida

Ndugu zangu wa Chiwata, leo sina uso. Uso wangu umebaki uwanjani kwenye boma la Masasi, na anayeuhitaji akauokote. Karatasi hii nimepewa na karani wa boma baada ya kumaliza kunicheka. Naandika haraka ili habari muipate kwangu kwanza, maana askari wote hapa wanaijua na wanaisimulia kwa mikono na miguu.

Mnanijua tangu tulipokuwa chuo cha Kurani pamoja hapo kwenu. Nikishaona jambo haliko sawa, sinyamazi. Sasa jambo lililokuwa linanikera kule kwetu juu, upande wa Newala, ni safari za jumbe wetu, Jumbe Likwata. Mwaka huu peke yake amekwenda Masasi mara tatu na Lindi mara moja. Kila akitoka anasema anakwenda kutusemea kwa wakubwa. Kila akirudi ana kofia mpya au mwavuli, na sisi tumebaki na ming'oko, mizizi ya kuchimba porini, kwa sababu mashamba yaliyochomwa wakati wa vita vya Majimaji hayajatengemaa mpaka leo. Nani angenyamaza? Nilisema msikitini. Nilisema njiani. Nilisema kwenye vilabu vya pombe (mimi nilikuwa napita tu). "Jumbe hasafiri kwa ajili yetu, anasafiri kwa ajili ya wali!" Maneno yakapendwa. Watoto wakayatia kwenye wimbo. Nikajiona mtu wa maana.

Juzi juzi ikaja amri kutoka boma. Wanaume wote wenye nguvu waende Nanganga kutengeneza barabara, na waanze mwezi utakapoandama. Ndugu zangu, mwezi huo ndio wa mvua za kwanza. Wanaume wakiondoka siku hizo, hapapandwi kitu, na mwaka ujao tutazikana. Jumbe akaita watu akasema atakwenda Masasi kumwomba Akida, mkubwa wa boma, wanaume waachwe mpaka mbegu ziote.

Watu wakaguna. Mimi nikasimama.

"Safari hii Jumbe aende na jicho letu!"

"Jicho gani?" wakauliza.

"Mimi!" (Hakuna aliyeniomba. Naandika ukweli.)

Mke wangu alikuwa nyuma yangu. Akanivuta nguo. "Baba Somoe, kaa chini."

Sikukaa. Jumbe akasema, "Sawa. Mpwa wangu ninayefuatana naye siku zote anaumwa mguu. Baba Somoe atashika nafasi yake." Nikafurahi. Mpwa wake nilimjua kama mbeba mkeka, na mkeka si mzigo.

Nikaazima kanzu kwa mwalimu wa chuo. Mwalimu ni mtu mnene, mimi mnanijua nilivyo. Kanzu ikanizunguka mara mbili, nikaifunga kiunoni kwa kamba ili nisiikanyage. Tukashuka ukingo wa uwanda asubuhi mapema, tukipishana na akina mama wanaopanda na mitungi ya maji kutoka bondeni. "Safari njema, Jumbe," wakasema, kisha tukishapita nikasikia wanacheka. Mmoja akauimba ule wimbo. Nikachekea ndani ya kanzu.

Njia nzima nilikuwa kazini. Nilitazama Jumbe anakula nini, analala wapi, anazungumza na nani. Alikula muhogo wa kuchoma. Alilala kwenye mkeka nilioubeba. Miguu ilimchubuka na hakusema. (Nilijua anajifanya, kwa kuwa jicho lipo.) Na kila tulipopumzika alikuwa akirudia maneno yaleyale. "Kwanza tumshukuru Akida. Pili tumweleze njaa. Tatu tuombe muda mpaka mbegu ziote. Umeshika, Baba Somoe?"

"Nimeshika, Jumbe."

Nilidhani anajizoeza mwenyewe. Nikamwonea huruma kidogo, mtu mzima kujizoeza maneno matatu siku mbili.

Leo asubuhi tukafika. Kabla ya baraza wageni wakapewa chakula, na chakula chenyewe ni kile nilichokuwa nakisema kila siku! Sinia la wali mweupe, na mchuzi wa kuku juu yake. Nikamtazama Jumbe kama askari anavyomtazama mwizi. Akatia matonge mawili, la tatu akalirudisha.

"Haushuki," akasema. "Nikiwakumbuka watoto, haushuki."

Unafiki, nikasema moyoni. Nikala sehemu yangu. Nikala na yake. Halafu likanijia wazo ambalo niliona ni la akili nyingi mno. Watu kijijini watataka ushahidi! Nikachota wali, nikaufunga kwenye jani la mgomba, nikautumbukiza kifuani ndani ya kanzu. Kamba ya kiunoni ikauzuia usishuke. Nilipanga nikifika nyumbani nilifungue lile jani mbele ya kila mtu, niseme, "Haya, ndizo safari hizi."

Baraza likaanza. Akida, mtu wa pwani mwenye sauti ya kukoroma, amekaa kitini na kiboko kiko magotini. Akaita watu wa bondeni kwanza. Jumbe wao akasimama kimya, mtu wake wa pembeni akasema maneno yote. Wakaja wengine, vilevile. Jumbe kimya, mtu wake anasema. (Haya yote niliyaona kwa macho yangu mawili. Hayakunishtua hata kidogo.)

"Watu wa juu!"

Tukasimama. Jumbe akaiweka sawa kofia yake, akafumbata mikono, akanitazama. Mimi nami nikamtazama. Nikamkodolea hasa. Haya sema, tukuone!

Jumbe akakohoa. Nami nikakohoa.

Akanigusa mguu kwa fimbo. Nikasogea pembeni, nimpe nafasi.

"Mmetoka huko juu kuja kutazamana?" Akida akauliza. Uwanja mzima ukacheka, na mimi nikacheka, maana nilidhani anachekwa Jumbe. "Kama hamna neno, amri ni ileile. Mwezi ukiandama, wote Nanganga. Baraza limekwisha!" Akainuka, akaletewa punda wake.

Jumbe akanigeukia. Hakupaza sauti. "Baba Somoe, mbona hukusema?"

"Mimi? Si wewe ndiye Jumbe?"

"Tangu lini jumbe wa kwetu akajisemea mbele ya mkubwa? Anayefuatana naye ndiye msemaji. Hata posa ya Somoe ilipokuja, ulijibu wewe au alijibu mjomba wake?"

Alijibu mjomba wake. Mimi baba mtu nilikaa kwenye kigoda nimefumba mdomo, kama desturi yetu ilivyo kwa mambo yote makubwa. Na mpwa wa Jumbe hakuwa mbeba mkeka. Ndiye aliyekuwa akitusemea safari zote hizo, na ndiye niliyeishika nafasi yake. Ndugu zangu! Nimewaua watu wangu, nikasema, na nimewaua kwa kunyamaza, mimi ambaye sijapata kunyamaza.

Lakini nikasema pia, sirudi hivi. Nikirudi nitamwambia nini Mama Somoe? Nikatupa mkeka, nikaishika kanzu kwa mikono miwili, nikamkimbilia yule punda.

"Akida! Shikamoo Akida! Neno lipo!"

"Baraza limekwisha."

"Neno halijaisha!" Punda akaenda mbio, nami nikaenda mbio. Askari mmoja akanisukuma, nikarudi. Akanisukuma tena, nikapita upande wa pili. "Kwanza tunakushukuru! Pili kuna njaa, Akida! Kwetu hakuna punje! Watu wanachimba ming'oko! Mchele hatujauona tangu vita! Nikidanganya Mungu anione..."

Hapo ndipo kamba ya kiunoni ilipokatika.

Jani la mgomba likashuka ndani ya kanzu, likapita gotini, likapasukia mbele ya miguu ya punda. Wali mweupe pe! Na paja la kuku juu yake. (La kuku nilisahau kuwaambia.)

Punda akasimama. Akida akautazama wali, akanitazama mimi.

"Njaa ya kwenu," akasema, "inatembea na kitoweo?"

Jamani! Wale watu walicheka mpaka askari mmoja akaegemea ukuta. Nami nimesimama katikati, kanzu ya mwalimu imenifunika mpaka vidole. Nikaona bora ukweli. "Akida, huu wali niliuiba kwenye sinia lako niwaonyeshe watu wetu kwamba Jumbe anasafiri ili ale. Yeye hakula. Aliyekula ni mimi." Wakacheka upya. Akida akafuta machozi kwa kilemba.

Katikati ya kicheko kile Jumbe Likwata akafika, anachechemea. Hakumtazama mtu. Akavua ile kofia yake nyekundu, akapiga magoti mchangani, akaanza kuuokota wali. Punje moja moja. Akaupuliza vumbi, akautia ndani ya kofia. Kicheko kikapungua, kikaisha. Nilitaka ardhi inimeze, na si kwa sababu ya aibu ya kuchekwa.

"Jumbe," akasema Akida, "huo umeshaingia mchanga."

Jumbe akatia punje nyingine ndani ya kofia. Akainua macho akanitazama.

Safari hii nilielewa!

"Jumbe anasema," nikatamka, na sauti ilinitoka vizuri, "kwetu mwaka huu hata wenye mchanga unaliwa. Anasema hao wanaume hatukatai waje. Anaomba mbegu ziote kwanza, wasije wakajenga barabara ambayo hatutakuwepo watu wa kuipita."

Akida aliinama juu ya punda. Akalitazama paja la kuku, akaitazama kofia. "Wabaki," akasema mwishowe. "Mbegu zikiota, waje. Lakini Bwana Mkubwa wa Kijerumani akipita Nanganga akaniuliza watu wa juu wako wapi, nitamwonyesha nani?"

Nikamgeukia Jumbe ili nilichukue neno lake. Nilikuwa nimeshaizoea kazi. Jumbe akainua fimbo taratibu, akanielekezea mimi.

Msemaji ni msemaji, ndugu zangu. Neno likishatoka kwa mkubwa wako hulikunji mfukoni.

"Jumbe anasema..." Nikaitazama tena ile fimbo. "Anasema ni mimi."

Basi kesho napelekwa Nanganga barabarani. Nimepewa jembe, na askari wameshanipa jina ambalo siliandiki hapa. Jumbe ameondoka muda huu huu, ile kofia ameifunga kwenye kitambaa awapelekee watoto. Nilimsindikiza mpaka mwisho wa uwanja.

"Jumbe, kawaambie watu kwamba tumefanikiwa. Waambie nimebaki kwa ajili yao."

"Nitawaambia," akasema. "Ila kuamini, Baba Somoe, hilo siliahidi. Wamefundishwa na wewe kutoamini, na wewe ni mwalimu mzuri."

Ninyi wa Chiwata, najua njia ya Nanganga mnapita. Mkinikuta na jembe, semeni salamaleko, niulizeni hali, mpite. Kucheka mtacheka mkishavuka kona.