Nilivyofuta Ndoa Kumi na Mbili, na Yangu Ikiwemo

Jamani, leo nimeaibika. Mchana kweupe, mbele ya baba mkwe, siku moja kabla ya harusi yangu! Nawaandikia nyinyi mliosoma nami kozi ya kompyuta Morogoro, kwa sababu hapa Ifakara kila ninayemweleza ananiambia "pole" kisha anageuka upande kucheka. Jirani wa ofisi ameniazima mashine yake ya barua pepe kwa nusu saa. Naandika haraka, mnisamehe makosa.

Mnajua nafanya kazi ofisi ya parokia. (Mimi najiita mtaalamu wa kompyuta. Baba Paroko ananiita karani.) Kesho kuna ndoa za pamoja, jozi kumi na mbili, wengine wana wajukuu tayari. Jozi ya kumi na mbili ni mimi na Sesilia.

Sasa, baba yake Sesilia ni mkulima wa mpunga kule kijiji cha Mbingu, mtu wa maneno machache. Siku ya posa aliniuliza kazi yangu. Nikasema kompyuta. Akauliza, "Msimu ukiisha unavuna nini?" Posa aliipokea, lakini akaweka sharti: kabla ya harusi lazima aje aione kazi hiyo kwa macho yake. "Simkabidhi mwanangu kwa mtu ambaye kazi yake sijaiona," alisema. Na huyu mzee akisema neno, halirudi.

Leo ndiyo ilikuwa siku. Vyeti kumi na viwili vya ndoa vilitakiwa kuchapwa. Kila jozi ina faili lake, lenye majina, ubatizo na wasimamizi, na yote yako kwenye folda inayoitwa NDOA. Mimi, kwa kutaka sifa, nikaandika faili la maagizo la mistari minne, ili nibonyeze mara moja tu na mashine ifanye kazi yote yenyewe. Mstari wa kwanza: nakili mafaili ya jozi kumi na mbili kwenye folda ya pembeni. Wa pili: futa kila kitu kilichomo kwenye NDOA, maana ilikuwa imejaa takataka za tangu mwaka jana. Wa tatu: rudisha yale kumi na mawili. Wa nne: chapa vyeti.

Jana nililijaribu kwa majina ya uongo, nikiliendesha kutoka kwenye disketi. Likaenda kama maji. Lakini leo asubuhi nikaona ile disketi inanishushia hadhi. Mtaalamu gani anachomeka-chomeka vitu mbele ya mkwe? Nikalihamishia faili la maagizo humo humo ndani ya NDOA. (Najua. Nyamazeni kwanza, nimalize.)

Saa nne mzee akaingia, kandambili kaziacha mlangoni. Sesilia nyuma yake. Baba Paroko naye akaja kusimama dirishani, maana mambo ya bure hayampiti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Haya, lima nione."

Nikakunja mikono ya shati. Nikaandika neno moja, nikabonyeza. Majina ya mafaili yakaanza kushuka kwenye kioo cha kompyuta, moja, mawili, mpaka kumi na mawili. Mzee akasogeza kiti! Moyo wangu ukapanda. Mara mashine ikasimama na kuuliza swali.

"Inasemaje?" akauliza mzee.

"Inasema vyote vilivyomo vitafutwa. Inauliza kama nina hakika."

"Na wewe una hakika?"

"Mia kwa mia, baba!" Nikaibonyeza ile herufi ya ndiyo kwa kidole kirefu, kwa madaha, kama mpiga kinanda wa Pasaka.

Kioo kikaandika mstari mmoja: faili la maagizo halipo. Basi. Hakikurudishwa kitu, hakikuchapwa kitu.

Nyinyi mmeshaelewa. Mashine haimezi maagizo yote kwa mkupuo. Inasoma mstari, inatenda, halafu inarudi kwenye faili kutafuta mstari unaofuata. Iliporudi safari hii haikukuta faili, kwa sababu nilikuwa nimeiagiza ilifute. Nilikunja mkeka huku nimeukalia!

Nikaitazama NDOA. Tupu. Nikatazama tena. Tupu vilevile. Nikajisikia nikisema, kwa sauti ambayo hata si yangu, "Baba Paroko, zimefutika ndoa zote."

"Zote?"

"Zote. Na yangu."

Mzee akamgeukia Sesilia taratibu. "Kumbe hujaandikwa popote. Kavae viatu, twende nyumbani."

Jamani, badala ya kufikiri, nikanyakua daftari nikatimkia barazani, ambako jozi nyingine zote zilikuwa kwenye mabenchi zikisubiri vyeti. Nikatangaza kwamba majina yamepotea, tunaandika upya, wapange mstari. Babu mmoja mwenye mkongojo akalalamika, "Miaka thelathini nimekaa na huyu mama, nimekubali kuandikwa juzi tu, leo mnanifuta?" Mkewe akamwambia, "Ulichelewa mwenyewe." Mabenchi yote yakaangua kicheko.

Niliandika jozi saba huku jasho likidondokea daftari. Ndipo Sesilia akaja. Mnajua anafundisha darasa la tatu, amezoea watu wa aina yangu. Viatu alikuwa amevaa. Baba yake alikuwa nyuma, ameshika mwavuli, tayari kwa safari.

"Deo," akasema, "ule mstari wa kwanza ulikuwa wa kufanya nini?"

"Kunakili mafaili kwenye folda ya pembeni."

"Ulifanya?"

Nikafunga daftari. Ulifanya! Sote tuliokuwa ofisini tuliyaona majina yakishuka kwenye kioo, kumi na mawili! Yalikuwa yamelala salama kwenye folda ya pembeni muda wote huo, na mimi nje natangaza msiba usio na marehemu.

Nilirudi ndani nikiwa na maharusi wenzangu ishirini na watatu nyuma yangu, pamoja na mzee. Nikafungua folda ya pembeni. Yote yapo, namba kumi na mbili mimi na Sesilia, hakuna hata nukta iliyopotea. Nikayarudisha na kuyachapa mwenyewe, moja baada ya jingine, printa ikinguruma kama mashine ya kukoboa mpunga. Hakuna aliyepiga makofi. Babu wa mkongojo ndiye aliyesema, "Mwalimu, kwa nini ofisi hii hawakukupa wewe?"

Mzee alikishika cheti chetu, kile cha mwisho, kwa ncha za vidole. Akakitazama sana.

"Hiki ndicho unachovuna?"

"Ndiyo, baba."

Akauegemeza mwavuli ukutani. Kisha akaniinamia, kwa sauti ambayo paroko na mabenchi yote waliisikia: "Kesho Padri akikuuliza kama una hakika, usijibu haraka. Mtazame kwanza Sesilia. Akitikisa kichwa kukubali, ndipo useme ndiyo."

Kwa hiyo, ndugu zangu mtakaokuja kesho, nawaomba jambo moja tu. Mkiona bwana harusi wa kumi na mbili anachelewa kujibu, msicheke kanisani.