Vidonge vya Tezi kwa Cheni ya Dhahabu

Fursa ilimjia Asali akiwa amekaa juu ya godoro asilokuwa na nia ya kulinunua. Mwenye duka, baba mwenye tumbo la heshima aliyeitwa Bosi, alikuwa akilalamika.

"Shemeji yangu kapewa vidonge vya tezi ya shingoni. Kapungua, kachangamka kama msichana! Ningevipata, ningetoa hata cheni hii ya dhahabu."

"Ilete, Bosi. Vidonge vitakuja."

Bosi aliivua haraka mno. Asali wa zamani angeshtuka. Lakini huyu wa sasa, mwaka mzima ulimi wake ulikuwa mzito, na mara mbili alishasinzia katikati ya uongo. Tapeli anayesinzia kazini atakula nini? Jambo hilo lilimuumiza sana.

Akaivaa cheni, akaenda kliniki kumlaghai daktari.

"Nasikia baridi juani, daktari. Nalala fofofo, naamka nimechoka. Nanenepa bila kula. Choo ndiyo usiseme."

Alijiona fundi. Wakamtoa damu, wakamwambia arudi baada ya wiki. Aliporudi, nesi alimpapasa shingo.

"Na hii rangi ya kijani?"

"Ndiyo ugonjwa wenyewe, dada."

Daktari akasoma majibu. "Tezi yako imelala kabisa. Haitoi homoni ya kutosha, kwa hiyo tutakupa ya vidonge. Kimoja kila asubuhi kwa maji, nusu saa kabla ya chai. Maisha yako yote."

Asali alinywea kitini. Kumbe alikuwa amesema kweli, tena mbele ya mashahidi! Kwa woga, vidonge akavimeza mwenyewe, naye Asali akampelekea Bosi kichupa alichokijaza peremende nyeupe.

"Mbona vitamu?" Bosi akauliza.

"Vya bei ghali ndivyo vilivyo."

Wiki sita baadaye, Asali aliamka kichwa chepesi. Akinyoa ndevu, aliitazama shingo yake kwenye kioo, kisha cheni. Shaba! Hasira ilimpanda papo hapo, naye akafurahi, maana mwaka ule hata hasira zilikuwa zikichelewa. Akatimua mbio hadi dukani.

"Bosi, umenipa shaba!"

"Na wewe umenipa peremende. Nilijua siku ile ile."

"Mbona ukanyamaza?"

"Nilitaka nione utashtuka lini. Wiki sita, Asali! Wewe, mjanja wa mji mzima!" Bosi akamwangalia kwa huruma ya kweli. "Ndugu yangu, nenda ukapimwe."

Asali akatafuta uongo wa kumjibu, akaukosa.

"Nimeshapimwa," akasema.