Maji Yaliyokataa Kuganda

Jumatatu, 4 Machi
Nimeropoka tena! Kwa kinyozi, mbele ya wateja watatu, nimesema maji ya moto huganda upesi kuliko ya baridi. Nilisoma zamani, katika kitabu kilichobaki nyumbani tulipohama. Fundi saa alicheka hadi machozi. Akasema, mzee, ukishindwa, kiti chako cha dirishani hapa kwa kinyozi ni changu. Nikakubali. Mjinga mimi! Kiti hicho ndicho mahali pekee mjini humu ninapoitwa Mwalimu. Kwa binti yangu naitwa Babu Usiguse.

Jumanne, 5 Machi
Jaribio la siri. Chupa ya kioo, maji pomoni, friza ya binti. Kufika adhuhuri: pa! Vigae vya chupa juu ya samaki wote. Maji yakiganda hutanuka. Nalijua hilo tangu shule. Nimesema friza imezeeka. Binti akauliza, Baba, na hiki kizibo nacho ni cha friza? Nimekohoa.

Jumatano, 6 Machi
Siku yenyewe. Chupa mbili za plastiki. Yake maji ya bomba. Yangu yaliyochemshwa, ya moto hata chupa ikajikunja kiuno. Fundi kaja na saa tatu za kupimia. Kinyozi kafunga duka aje kushuhudia. Tukangoja kwa saa mbili na nusu. Binti akafungua friza. Ya fundi: ngozi ya barafu juu. Yangu: maji matupu! Fundi akasema, pole, Mwalimu, akilitamka jina kama anayenivua kofia. Akauliza kama kiti kina mto.

Hasira zikanipanda. Nikaibamiza chupa mezani. Barafu ikashuka toka shingoni hadi kitakoni, kufumba na kufumbua! Kinyozi aliruka. Mimi pia. Binti akapindua chupa zote: ya fundi ikamwagika, yangu haikutoa hata tone. Akasema, haya, Baba kashinda. Nikakaa chini. Afadhali! Afadhali mno!

Alhamisi, 7 Machi
Kitini, jua begani. Nimewaeleza kuwa maji yaliyotulia huweza kupoa kupita kiwango cha kuganda, yakingoja kushtuliwa tu, na kwamba nilipanga yote. (Nimeyasoma leo asubuhi, daftari la mjukuu. Nimeyahurumia maji hayo. Nami nimetulia hivyo huku miaka thelathini.)

Fundi saa, mnyonge, akauliza kama mafuta ya kupikia nayo huganda ukiyagonga. Nikasema, papo hapo! Jumamosi, kiti kikiwa dau.

Mafuta ya binti yako kabati la juu. Ngazi ninayo.