Nani Amesugua Komali Yangu?

"Nani amesugua komali yangu?"

Hivyo ndivyo nimepiga kelele leo mbele ya wamama wote wa chama. Wenzangu, nimeaibika, na mdomo uliofanya hiyo kazi ni wangu.

Komali ni chuma bapa cha mviringo, hakina ukingo. Wameksiko huchomea mikate yao ya mahindi. Binamu yangu aliniletea kutoka Texas, mimi hupikia chapati. Ni nyeusi ti. Huo weusi si uchafu! Ni mafuta ya mwaka mzima yaliyoungulia hapo, ndiyo hufanya chapati iteleze.

Mama Brian, jirani yangu hapa Suneka, aliiazima juzi. Jana akairudisha nikiwa sokoni. Mama mkwe ndiye alikuwa nyumbani na mtoto, akaipokea.

Leo chama kikaja kwangu kuonja chapati, kiamue nani atapika za harusi ya binti wa katibu. Hiyo kazi niliitaka sana. Natoa komali jikoni: inang'aa kama kioo! Nilijiona mpaka matundu ya pua. Chapati ya kwanza ikashika. Ya pili nikaikwangua na kisu. Iliyofuata ikatoka vipande.

"Hii ni chapati ama ni githeri?" akauliza katibu.

Wakacheka. (Hata mtoto wangu mgongoni alicheka. Mtoto niliyemzaa mimi!)

Nikalipuka. Nikamgeukia Mama Brian.

"Mtu gani anasugua chuma cha watu na waya? Kwenu hakuna jikoni?"

"Mama Baraka, mimi niliirudisha ikiwa nyeusi vile vile."

"Wacha uongo! Mwenye alifanya hivi hana akili, na hakulelewa!"

Mama mkwe, ambaye pia ndiye mwenyekiti wetu, akaweka kikombe chini polepole.

"Ni mimi, mokamwana, mke wa mwanangu. Niliona aibu wageni wakute uchafu. Nimesugua na jivu mpaka mkono ukaniuma."

Baba yane! Nilitamani kuingia ndani ya jiko.

Kazi ya harusi amepewa Mama Brian. (Ameuliza kama naweza kumwazima komali.)

Lakini sikunyamaza. Nilisimama, nikapeleka malalamiko rasmi kwa mwenyekiti, kwa heshima zote: chombo cha mwanachama kisisuguliwe bila ruhusa yake. Mwenyekiti ameyapokea. Yatajadiliwa kikao kijacho, chini ya ajenda ya "Usafi wa Jikoni kwa Mama Baraka".